NAIROBI MPAKA JEDDAH: NI KILOMITA NGAPI, NI MASAA MANGAPI, NI MIAKA MINGAPI?



 

Wewe unayefunga, hebu niambie ukweli. Saa ile ya mwisho kabla ya adhana ya maghrib, wakati harufu ya kaimati imejaa ploti nzima, ni sawa na saa moja ya baada ya kufuturu? Saa ya ukutani inasema ni dakika 60 zote mbili. Tumbo linasema vingine kabisa. Basi makala haya yanahusu jambo kama hilo, lakini kwa upande wa safari. Nataka tupime pamoja umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa Nairobi mpaka uwanja wa ndege wa Jeddah, mlango wa mahujaji, na tuone waliotutangulia waliupima vipi.

Swali lenyewe sikulitoa kitabuni. Liliulizwa hapa hapa Riruta Satellite, jikoni kwetu, na nyanya yangu. Anauza maandazi asubuhi na, ukifika Ramadhan, kaimati na sambusa jioni. Siku moja alisikia ndege ikipita, akaniuliza: "Wewe uliyesoma, hebu niambie, Jeddah ni mbali kama wapi?"

Nikamjibu kwa majivuno ya mwanafunzi wa chuo kikuu: "Nyanya, ni masaa manne tu. Kwa masaa, Jeddah ni karibu kuliko Mombasa kwa basi."

Akacheka, akageuza maandazi yake, akasema: "Basi mimi niko njiani mwaka wa kumi na tisa."

Nilinyamaza. Mwisho wa makala utajua kwa nini.

UMBALI WENYEWE

Tuanze na hesabu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kiasi cha digrii moja kusini mwa ikweta. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, uko karibu digrii 22 kaskazini. Kwa upande wa mashariki na magharibi, Nairobi iko kwenye digrii 37 na Jeddah kwenye 39. Maana yake, Jeddah iko karibu moja kwa moja juu yetu ukiangalia ramani. Mstari ulionyooka kati ya viwanja hivi viwili ni takriban kilomita 2,550.

Ndege kubwa ikishapanda juu hukimbia kama kilomita 850 kwa saa. Gawanya mwenyewe: ni masaa matatu. Ongeza muda wa kuruka, kupanda, kushuka na kutua, unapata masaa matatu na nusu mpaka manne. Na kwa kuwa miji hii iko karibu katika mstari mmoja, saa zake pia ni moja. Anayeenda New York hufika akiwa amechanganyikiwa, hajui kama ni usiku au mchana. Wewe ukitua Jeddah huigusi saa yako ya mkononi.

Jambo jingine la kufurahisha ni kwamba mstari huo ukiuchora kwenye ramani unapita juu ya Ethiopia na Eritrea, karibu sana na mji wa kale wa Aksum. Unaikumbuka Habasha ya madrasa? Ndiyo hiyo. Mwaka wa 615, maswahaba wa kwanza walivuka bahari kutoka upande wa Makka wakakimbilia kwa Najashi, mfalme muadilifu. Walikuwa wakikimbia mateso, na kilichowafikisha ni jahazi na miguu. Anayetoka Nairobi leo anaivuka bahari ile ile akielekea kule walikotoka, na huenda amelala.

IMAM NAWAWI NA SAA MOJA

Tulipokuwa madrasa, maalim alitufundisha swala ya msafiri. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, safari ya kupunguza swala ni ya marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili kwa mizigo, ambao wanavyuoni wa leo wanaukadiria kuwa kilomita 80 na kidogo. Mwanafunzi mmoja akauliza: "Maalim, na mtu akienda kwa ndege akamaliza hizo kilomita kwa dakika kumi?"

Tulidhani tumemkamata! Kumbe swali lilishajibiwa zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria (1277), ameeleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na hata kama mtu atazikata maili hizo baharini kwa muda wa saa moja tu, bado ni msafiri na atapunguza swala. Hebu fikiria. Hakuna injini, hakuna ndege, na mwanachuoni anaizungumzia safari ya marhala mbili inayokwisha kwa saa moja.

Aliona kwamba umbali ni kitu kimoja na muda ni kitu kingine. Sisi siku hizi tunavichanganya. Ukimuuliza mtu Mombasa ni mbali kiasi gani, atakujibu kwa masaa. Shika hilo, tutalirudia.

ZAMA ZA PEPO

Sasa turudi nyuma. Kabla ya 1899 hakukuwa na mji wa Nairobi. Ulizaliwa mwaka huo reli ilipofika. Anayetoka bara alishuka pwani kwa miguu na msafara. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, kilomita 500 mpaka Mombasa ni siku 25, na hapo hujaugua wala hujakosa maji.

Mombasa au Lamu ulitafuta jahazi, na jahazi haliendi utakavyo wewe. Linaenda kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi, ukileta vyombo kutoka Arabuni. Kusi huanza kiasi cha Aprili na ndio unaovisukuma kurudi juu. Katikati ya Kusi, Juni na Julai, bahari huchafuka kiasi kwamba manahodha wengi hawathubutu kutoka. Kwa hivyo mlango wa kwenda kaskazini ulikuwa mwembamba. Na ukishaingia Bahari ya Sham, ukipita Bab el-Mandeb, unakutana na pepo nyingine: kadiri unavyokaribia Jeddah, upepo unavuma kutoka kaskazini, usoni mwako.

Hapa ndipo palipo na ugumu ambao wengi hatujawahi kuufikiria. Pepo hufuata mwaka wa jua. Hajj hufuata mwaka wa mwezi, ambao ni mfupi kwa siku kama 11. Kila mwaka Hajj inarudi nyuma, na katika miaka kama 33 inazunguka kalenda yote. Ndiyo maana mwaka wa 2006 ulikuwa na Hajj mbili, moja Januari na nyingine Desemba. Kwa msafiri wa jahazi hii ilikuwa na maana kubwa. Ikiwa Hajj imeangukia Juni, Kusi la Aprili linaweza kukufikisha kwa wakati. Ikiwa imeangukia Januari, itakubidi uondoke na Kusi la mwaka uliotangulia, ufike mapema, ukae miezi ukisubiri. Kisha baada ya Hajj usubiri tena chombo na upepo wa kukurudisha.

Kwa hivyo tukisema mababu walichukua mwaka mzima au zaidi kwenda Hajj, tusidhani jahazi lilikuwa likitembea mwaka mzima. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa kungoja. Na wenye akili waliutumia muda huo. Historia ya Kilwa inatueleza kuhusu Sultan al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka wa 1331. Alipokuwa kijana alikwenda Hajj, na njiani alikaa Aden miaka miwili akisoma. Alirudi na Hajj na elimu pamoja.

RELI NA MELI

Karne ya 19 ikabadilisha mambo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na mwaka wa 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kubeba barua kati ya Aden na Zanzibar. Meli ya moshi haiombi ruhusa kwa Kusi. Mwaka wa 1899 reli kutoka Mombasa ikafika Nairobi.

Kwa hivyo Muislamu wa Nairobi ya mwanzo wa karne ya 20, tuseme mzee wa Kinubi wa Kibera ambaye wazazi wake walitoka Sudan kwa miguu wakiwa na askari, aliweza kupanda treni hadi Mombasa, kilomita 530. Kutoka Mombasa akazunguka Pembe ya Afrika hadi Aden, maili za baharini kama 1,600. Meli ya maili 10 kwa saa, bila kusimama popote, ingemaliza hizo kwa siku saba hivi. Kisha Aden hadi Jeddah, maili 700 nyingine. Lakini usisahau Kamaran, kisiwa cha Bahari ya Sham ambapo kuanzia 1882 mahujaji wanaoingia kutoka upande wa kusini waliteremshwa kwenye karantini kwa kuhofia kipindupindu. Mwendo umepungua, kungoja kumebaki. Hapo kabla ilikuwa kungoja upepo, sasa ni kungoja daktari.

Jumlisha reli na bahari, utapata karibu kilomita 4,800. Karibu mara mbili ya ule mstari wetu wa 2,550! Kwa nini? Kwa sababu meli haiwezi kukata Ethiopia. Lazima izunguke Somalia yote.

NDEGE

Ndege ndiyo iliyounyoosha mstari. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa 1958. Na usisahau kwamba kazi nzito ya kuujenga ilifanywa na watu waliokuwa wamefungwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Waliochimba hawakuwa na ruhusa ya kutoka hata nje ya kambi, lakini mikono yao ndiyo iliyotutengenezea mlango wa dunia. Mwaka wa 1978 jengo jipya likafunguliwa, na baada ya Mzee Kenyatta kufariki Agosti mwaka huo, uwanja ukapewa jina lake.

Upande wa pili, uwanja mpya wa Jeddah ulifunguliwa 1981, ukiwa na jengo maalum la mahujaji lenye paa la mahema zaidi ya 200 meupe. Mhandisi wake mkuu alikuwa Fazlur Rahman Khan, Muislamu mzaliwa wa Dhaka, ambaye pia ndiye aliyehesabu nguzo za majengo marefu ya Chicago. Alifariki Jeddah mwaka wa 1982. Mahema yale yanapitisha hewa na kuzuia jua, kwa sababu ndege ikishatua, hujaji hungoja: pasipoti, mizigo, basi.

Mwendo wa ndege umeleta hata maswali mapya ya fiqhi. Kwa kilomita 850 kwa saa, ndege inakata kilomita 14 kila dakika. Aliyekuwa akipita miqati juu ya ngamia alikuwa na siku nzima ya kujiandaa. Aliye ndani ya ndege akichelewa dakika tano ameshaipita kwa kilomita 70. Ndiyo maana utawaona mahujaji wetu wakivaa ihram kabisa hapa Nairobi, wakingoja tu tangazo la rubani watie nia.

NJIA TATU ZA LEO

Je, wote wanaenda kwa mstari ulionyooka? La. Tuangalie njia tatu.

Ya kwanza ni ndege ya moja kwa moja: kilomita 2,550.

Ya pili ni kupitia Addis Ababa. Nilipoihesabu sikuamini, nikarudia. Addis iko karibu kabisa na mstari wetu, kiasi kwamba kupitia huko kunaongeza chini ya kilomita kumi. Kwa umbali hujapoteza kitu. Kwa muda, unaweza kupoteza masaa mengi ukikaa uwanjani ukingoja ndege ya pili.

Ya tatu ni kupitia Dubai. Nairobi mpaka Dubai ni kama kilomita 3,550, na Dubai kurudi Jeddah ni kama 1,700. Jumla ni zaidi ya kilomita 5,200. Umeona ajabu hiyo? Anayepitia Dubai leo anasafiri kilomita nyingi kuliko mzee wa Kibera aliyepanda treni na meli. Na mara nyingine anaichagua njia hiyo ndefu kwa sababu tiketi ni rahisi. Njia iliyonyooka ina bei yake.

Na bado hatujahesabu nyumbani mpaka uwanjani. Kutoka huku Satellite unabadilisha matatu tauni, na foleni ikikushika Ngong Road kisha Mombasa Road, masaa mawili yamekwisha. Unatakiwa kufika masaa matatu kabla ya ndege. Kumbe masaa matano yanaisha kabla gurudumu halijaiacha lami, na angani ni manne tu.

MWAKA AMBAO KILOMITA HAZIKUBADILIKA

Sasa nirudi kwa nyanya.

Alianza kuweka pesa nikiwa mtoto mdogo. Kwanza kwenye kopo la Kimbo, baadaye, tulipomlilia kwamba kopo halina usalama, kwenye akaunti. Maandazi ni shilingi chache, na gharama ya Hajj ni mamia ya maelfu. Kisha kuna nafasi zenyewe. Tangu 1988, nchi za Kiislamu zilikubaliana kwamba kila nchi ipewe nafasi kwa kiasi cha hujaji mmoja kwa kila Waislamu elfu moja. Hata mwenye pesa anaweza kungoja zamu.

Mwaka wa 2020 hesabu yake ilikuwa imetimia. Tarehe 25 Machi, Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya Korona. Hajj ya mwaka ule ikafanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Ya 2021, vile vile, ni wakaazi wa kule pekee. Mwaka wa 2022 milango ikafunguliwa kwa mataifa mengine, lakini kwa wenye umri wa chini ya miaka 65. Nyanya alikuwa ameshapita. Mwaka wa 2023 sharti la umri likaondolewa.

Ndugu msomaji, katika miaka hiyo yote kilomita zilikuwa 2,550 zile zile. Hakuna aliyeisogeza Jeddah. Ndege zilikuwa zile zile na mwendo wake ule ule. Lakini kwake yeye ilikuwa mbali kuliko ilivyokuwa kwa mtu wa jahazi, kwa sababu mtu wa jahazi alijua Kusi litarudi Aprili.

Na mwaka huo wa 2023, mlango ulipofunguka, mimi nikaitwa chuo kikuu. Karo ya mwaka wa kwanza ikakosekana. Hakuna aliyemuomba. Alikwenda mwenyewe benki, akarudi, akaweka bahasha mezani, akasema, "Kasome. Makka haihami."

Ndiyo maana nilinyamaza jikoni siku ile. Nilimwambia ni masaa manne, na mimi mwenyewe ndiye niliyemuongezea miaka.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wanavyuoni walipoueleza uwezo wa kwenda Hajj, walitaja vitu viwili: masurufu na kipando. Hawakutaja idadi ya maili. Kipando leo kimekuwa chepesi mno, kinapaa. Masurufu ndiyo yamekuwa marefu. Mababu walingoja upepo, waliofuata wakangoja daktari wa Kamaran, na wazee wetu wanangoja shilingi na zamu. Kungoja hakujawahi kuondoka katika safari hii, kumehama mahali tu. Mimi nimeliona hilo katika historia yote niliyokusimulia.

Kwa hivyo kijana mwenzangu, wa Satellite, Kawangware, Kibera au popote uliposhika jarida hili, nina ombi. Mwezi huu, ukikaa na mzee wenu baada ya kufuturu, usimuulize tu kama anatamani kwenda Hajj. Muulize yuko njiani mwaka wa ngapi. Kisha jiulize ni miaka mingapi kati ya hiyo ni karo yako, ni kodi ya nyumba yenu, ni hospitali yako. Usihuzunike, maana alitoa kwa mapenzi yake. Lakini deni ulijue.

Mimi tangu muhula uliopita ninafundisha hisabati watoto wa majirani, jioni tatu kwa wiki. Kinachopatikana si kingi. Nilitaka kukiweka kwenye akaunti yake kimya kimya, lakini akagundua. Akanitafutia kopo jingine la Kimbo, akalikata tundu kwa kisu, akaliweka pale juu ya kabati. Nikimpa la jioni hiyo analitikisa kidogo, anasikiliza, kisha ananiuliza: "Tumefika wapi sasa?"

Juzi nilimwambia: "Nyanya, tumepita Marsabit."

Allah (S.W.T.) azikubali funga zetu, na awafungulie njia wazee wetu wote walio safarini bila ya kuonekana. Amin.